Vitabu vya Mlima Kenya Kwenye Data Huria: Mwongozo kwa Mkutubi

Mwaka 1984 Tuzo ya Noma, iliyotolewa kwa vitabu vilivyochapishwa Afrika, iliwaendea waandishi wawili kwa pamoja: Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini na Gakaara wa Wanjaũ wa Karatina. Kitabu cha Gakaara, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, ni shajara ya miaka yake ya kizuizini, kimeandikwa kwa Kikuyu na kilitolewa na Heinemann jijini Nairobi mwaka 1983. Tafsiri ya Kiingereza, Mau Mau Author in Detention, ilifuata mwaka 1988. Anayekitafuta leo kwenye katalogi za maktaba atategemea bahati ya jinsi aliyeingiza rekodi alivyoliandika jina la mwandishi. Pengine ni Gakaara wa Wanjaũ. Pengine ni Wanjau, Gakaara wa. Pengine alama zilizo juu ya herufi zimedondoka, au jina limegeuzwa likawa Wanjau Gakaara. Kwa mtu wa Mathira huyo ni mzee mmoja aliyekuwa na duka la vitabu na mtambo wa kuchapa mjini Karatina. Kwa kompyuta ni watu wanne.

Mwongozo huu unamlenga mkutubi wa Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu, Chuka, Meru au Nanyuki ambaye amesikia habari za data huria iliyounganishwa na kujiuliza kama maktaba yake ndogo ina nafasi humo. Ina nafasi, na kubwa kuliko inavyodhaniwa. Maktaba kubwa za ng'ambo zina mitambo na fedha, lakini hazina mtu anayejua kwamba Gakaara huyu na Wanjau yule ni mtu mmoja. Kazi hiyo haiwezi kufanywa vizuri kutoka mbali.

Jambo lenyewe si gumu. Kila kitu kinachotajwa katika rekodi, kiwe mtu, kitabu, mji au lugha, kinapewa anwani yake ya kudumu kwenye wavuti. Kisha uhusiano kati ya vitu hivyo unaandikwa kwa sentensi fupi yenye kiima, kitenzi na yambwa: kitabu hiki kimeandikwa na mtu huyu, mtu huyu alifanya kazi katika mji huu. Tim Berners-Lee alieleza kanuni za utaratibu huo mwaka 2006. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kutoa vichwa vyake vya mada kwa namna hiyo mwaka 2009, na Maktaba ya Taifa ya Sweden ikahamishia katalogi yake ya pamoja kwenye mfumo huo mwaka 2018.

Habari za Sweden zisimtishe mtu. Maktaba nyingi za vyuo na za umma nchini Kenya hutumia Koha, programu huria iliyozaliwa New Zealand, na ndani ya Koha rekodi zimekaa katika muundo wa MARC uliobuniwa na Henriette Avram miaka ya 1960. Muundo huo ni mkongwe, lakini unabeba mbegu zote zinazohitajika. Wanaosema kwamba lazima kwanza MARC itupwe na BIBFRAME, muundo mpya wa data iliyounganishwa, iingie wanaanza safari kwa mguu usiofaa. Programu za kugeuza MARC kuwa BIBFRAME zipo na ni za bure, ila programu hugeuza kile ilichopewa. Jina lililokosewa litatoka upande wa pili likiwa limekosewa vilevile, na safari hii likiwa na anwani ya kudumu.

Basi anza na rafu ambayo hakuna mwingine anayeijua. Vitabu vya uhasibu na uhandisi vilivyojaa katika maktaba za Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi au Chuo Kikuu cha Karatina vimekwisha kuelezwa na maelfu ya maktaba nyingine, na rekodi zake zinaweza kunakiliwa. Kinachohitaji mkono wa mwenyeji ni kile kilichochapwa hapa. Wamisionari wa Consolata waliendesha shule ya uchapaji Nyeri, na kitabu cha padre C. Cagnolo kuhusu mila za Wakikuyu, The Akikuyu, kilitoka huko mwaka 1933. Gazeti lao la Kikuyu, Wathiomo Mũkinyu, lilianza mwaka 1916. Gakaara alitoa jarida la Gĩkũyũ na Mũmbi na visa vya Wa-Nduuta katika vijitabu vyembamba vilivyouzwa kwa bei ya chini. Ongeza vijitabu vya nyimbo na historia za makanisa, taarifa za wilaya za zamani, na tasnifu za wanafunzi waliotafiti mashamba ya chai na kahawa ya eneo hili. Chagua 200 kati ya hivyo, uvifanyie kazi hadi mwisho, ndipo uendelee.

Sehemu yenye jasho ni majina.

Kwa kila mwandishi fungua rekodi ya jina ndani ya Koha, usiridhike na jina lililoandikwa kwenye rekodi ya kitabu. Katika rekodi hiyo sehemu ya 100 hubeba jina lililochaguliwa kuwa rasmi, na sehemu za 400 hubeba sura nyingine zote ambazo jina hilo limewahi kuvaa. Sehemu ya 670 hutaja ulipozipata habari. Kwa Gakaara, kwa mfano, ipo kazi ya Cristiana Pugliese ya mwaka 1995 kuhusu maisha na maandishi yake. Itaje hapo, ili anayekuja kesho asianze upya. Kisha katika sehemu ya 024 weka kitambulisho cha mtu huyo kutoka moja ya hifadhidata za mtandaoni za utambulisho: Wikidata, VIAF au ISNI. Hicho ndicho kiungo. Kwa sehemu hiyo moja, rekodi iliyo Karatina inaanza kuzungumza na rekodi za Nairobi, London na Washington.

Je, jina rasmi lianze na lipi? Majina yenye "wa" yamewasumbua waorodheshaji wa kigeni kwa miaka mingi, kwa sababu walizoea kwamba neno la mwisho ni jina la ukoo. Ngũgĩ wa Thiong'o hawekwi chini ya T, na Maktaba ya Bunge la Marekani yenyewe humweka chini ya Ngũgĩ. Fuata hivyo kwa Gakaara na kwa wengine wote wa aina hiyo. Lakini usiifute sura iliyogeuzwa. Ihamishie kwenye 400, kwa kuwa wapo watakaoitafuta hivyo.

Majina hubadilika pia pamoja na maisha ya mtu. Riwaya ya Weep Not, Child ilitoka mwaka 1964 ikiwa na jina la James Ngugi kwenye jalada. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe huko Tetu, aliongeza herufi moja kwenye jina la ndoa baada ya talaka, kwa hiyo Mathai na Maathai ni yuleyule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Dedan Kimathi hutajwa kama Kimathi, Kimathi wa Waciuri au Dedan Kimathi Waciuri. Katika katalogi ya kale mambo haya yalitatuliwa kwa kadi ya "tazama". Katika data iliyounganishwa, sura zote hutundikwa kwenye kitambulisho kimoja, na hakuna inayopotea.

Kuna mtego mwingine usioonekana kwa macho. Herufi ĩ na ũ zinaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili katika kompyuta: kama herufi moja kamili, au kama i na u za kawaida zikifuatwa na alama ya wimbi peke yake. Rekodi nyingi za MARC zilizonakiliwa kutoka nje hutumia njia ya pili, ilhali Wikidata hutumia ya kwanza. Kwenye skrini zinafanana kabisa, lakini programu ya kulinganisha itasema si jina moja. Vivyo hivyo kwa kile kijialama cha Murang'a na Thiong'o, ambacho huandikwa kwa angalau herufi tatu tofauti: ile iliyonyooka, ile iliyopinda, na ile maalumu inayotumiwa na Maktaba ya Bunge. Kabla ya kulinganisha chochote, pitisha orodha yote kwenye kanuni moja. OpenRefine hufanya hivyo, na ina sifa inayowafaa watu wa mtandao wa kusuasua: hukaa ndani ya kompyuta yako, ikihitaji intaneti pale tu unapolinganisha majina na Wikidata.

Wakati wa kulinganisha, usikubali jibu kwa sababu herufi zimefanana. Tazama mwaka wa kuzaliwa, kisha angalau jina la kitabu kimoja. VIAF, ambayo huunganisha rekodi za maktaba za taifa kwa mashine, wakati mwingine huwachanganya watu wawili wenye jina moja, na eneo ambalo watoto hurithi majina ya babu na bibi kwa zamu lina akina Mwangi na akina Wanjiru wengi wanaoandika. Jina lenye shaka liache bila kiungo. Kiungo kibaya kina madhara zaidi kuliko pengo, kwa sababu wengine watakinakili.

Lugha nazo zinahitaji jicho la mwenyeji. MARC huandika lugha ya kitabu kwa herufi tatu katika sehemu ya 008: Kiswahili ni swa, Kikuyu ni kik. Lakini Kimeru hakina msimbo wake katika orodha hiyo. Wala Kiembu, Kichuka na Kitharaka. Zote hutupwa katika kapu moja la bnt, yaani lugha nyingine za Kibantu, pamoja na mamia ya lugha hadi kusini mwa bara. Kitabu cha hadithi za Kimeru kikiingizwa hivyo katika maktaba ya Meru, hakuna mtu duniani atakayekipata kwa kuchuja lugha.

Dawa ipo ndani ya MARC yenyewe. Ongeza sehemu ya 041, weka kiashiria cha pili kuwa 7, na utaje kwamba unatumia orodha ya iso639-3. Huko Kimeru ni mer, Kiembu ni ebu, Kichuka ni cuh na Kitharaka ni thk. Ni kazi ya dakika moja kwa kila kitabu. Pengine hakuna hatua nyingine katika mwongozo huu yenye faida kubwa kiasi hicho kwa juhudi ndogo hivyo, na maktaba za Meru na Chuka ndizo zinazopaswa kuongoza.

Sasa Dewey. Mfumo wa Melvil Dewey wa mwaka 1876 umewapanga wasomaji wa Kenya katika nyumba isiyo yao: dini za jadi za Kiafrika zimebanwa katika 299.6, huku Ukristo ukichukua takribani sehemu yote kuanzia 220 hadi 289. Wapo wanaotaka namba hizo zibadilishwe zote. Hisia hiyo ina haki yake, lakini kubandika upya migongo ya vitabu kutakula miaka ambayo ingetumika kwa jambo la maana zaidi. Namba ya Dewey ina kazi moja tu inayoifanya vizuri, nayo ni kumwambia msomaji kitabu kimesimama wapi. Iachie kazi hiyo. Maana ya kitabu ibebwe na viungo.

Mfano utalionyesha jambo hili. Tamthilia ya The Trial of Dedan Kimathi, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ilitoka mwaka 1976 kwa Kiingereza. Raphael Kahaso akaitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Kanuni ya Dewey husema tafsiri ya kazi ya fasihi ifuate lugha ya asili, kwa hiyo Mzalendo Kimathi huangukia 822, tamthilia za Kiingereza, jirani ya Shakespeare. Mkutubi mwingine, kwa busara yake, ataiweka 896.392 pamoja na fasihi ya Kiswahili. Riwaya za Kikuyu za Ngũgĩ ziko 896.3954 na zile za Kiingereza ziko 823. Na kitabu cha kumbukumbu za kesi yenyewe, Dedan Kimathi on Trial, kilichohaririwa na Julie MacArthur mwaka 2017, kiko mbali kabisa, upande wa historia. Mwanafunzi wa Othaya anayeandika insha kuhusu kesi iliyosikilizwa mjini Nyeri mwaka 1956 atatembea rafu tatu kabla ya kuviona vyote.

Viungo humwondolea mwendo huo. Andika kwamba tamthilia ya Kiingereza ni kazi, na Mzalendo Kimathi ni tafsiri ya kazi hiyo. Katika MARC, 041 huonyesha kwamba maandishi ni ya Kiswahili yaliyotoka Kiingereza, na 765 huelekeza kwenye asili. Mtaje mtafsiri katika 700, pamoja na jukumu lake. Hapo pana dhuluma ndogo iliyozoeleka: Ngũgĩ huwekwa katika 100, Mĩcere Mũgo hushushwa katika 700 bila kusemwa alifanya nini, na mashine inayosoma rekodi haiwezi kujua kama alikuwa mwandishi, mhariri au mchoraji. Mzaliwa huyo wa Kirinyaga alikuwa mwandishi mwenza kamili. Weka neno la jukumu, na kwenye Wikidata waandishi wote wawili waingie chini ya sifa ya P50, mtafsiri chini ya P655. Mwishoni, vitabu vyote vitatu vipewe mada moja: Dedan Kimathi kama mtu, kwa kitambulisho chake.

Vichwa vya mada vinataka uamuzi wa namna hiyohiyo. Kichwa cha Maktaba ya Bunge kwa vita vya msituni hutafsirika kuwa Kenya, historia, Hali ya Hatari ya Mau Mau, 1952-1960. Hali ya Hatari ni jina la serikali ya kikoloni. Waliokuwa msituni Nyandarua na Mlima Kenya walipigania ardhi na uhuru, na watoto wao hawatafuti kitabu kwa jina la tangazo la gavana. Usikifute kichwa hicho, maana ndicho kinachounganisha vitabu vyako na vya dunia nzima. Tengeneza orodha yako ya mada kwa kiwango cha SKOS, kilichoidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2009, ambacho huruhusu dhana moja kuwa na jina linalopendelewa katika kila lugha, moja la Kiswahili, moja la Kikuyu, moja la Kimeru, pamoja na majina ya ziada. Kisha unganisha dhana yako na ile ya Marekani, ukisema kama zinalingana kabisa au zinakaribiana tu. Kwa Mau Mau, "zinakaribiana" ndilo jibu la kweli.

Mahali pasisahaulike. Taarifa za kikoloni husema Fort Hall; ni Murang'a. Husema Thomson's Falls, ni Nyahururu. Wilaya ya Meru ya zamani ilikuwa na Chuka ndani yake, ambayo leo iko katika Kaunti ya Tharaka-Nithi, na kuna Meru nyingine karibu na Arusha, Tanzania. Mji wa Nyeri, Wilaya ya Nyeri na Kaunti ya Nyeri ni vitu vitatu, vyenye anwani tatu. Usiibadilishe wilaya kuwa kaunti ili orodha ionekane ya kisasa. Andika mahali kama kitabu kinavyosema, kisha uunganishe na mahali pa sasa.

Baada ya hapo ndipo kuchapisha. Koha inaweza kutoa rekodi kama faili la MARCXML, au kuzifungua kwa mashine nyingine kupitia itifaki ya OAI-PMH. Unapotoa faili, chagua kutotoa habari za nakala. Sehemu ya 952, ambayo ni ya Koha yenyewe, hubeba bei ya ununuzi na muuzaji, na hayo hayamhusu mgeni. Rekodi za wasomaji na vitabu walivyoazima zisiguse faili hilo kamwe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazilinda, na hata bila sheria ni amana. Kwa waandishi walio hai, mwaka wa kuzaliwa unatosha. Simulizi za wazee zilizorekodiwa ziachwe nje mpaka wenyewe au familia zao zikubali.

Leseni iwe wazi na fupi. CC0 ndiyo inayotumiwa na Wikidata, na inafaa kwa maelezo ya vitabu. Tahadhari ni moja: Dewey ni mali ya shirika la OCLC, kwa hiyo toa namba pekee, usichapishe maelezo ya jedwali zima kana kwamba ni yako. Kama hakuna fundi wa kuendesha seva, anza na jedwali la CSV kwenye tovuti ya chuo au kaunti. Katika ngazi ya nyota tano ambayo Berners-Lee aliiweka kupima data huria, jedwali la wazi lisilofungwa na programu ya kampuni lina nyota tatu tayari, na lenye safu ya vitambulisho vya Wikidata linakaribia kileleni.

Kwa anwani zako mwenyewe, usitumie anwani ya seva ya Koha, kwa kuwa itabadilika siku mfumo utakapohamishwa. Huduma ya w3id.org hutoa anwani za kudumu bila malipo na kuzielekeza popote data ilipo.

Tangu Katiba ya 2010 ilipoziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, hakuna ofisi moja inayoamuru kutoka Nairobi namna ya kufanya haya. Hiyo ni nafasi, lakini pia ni hatari ya watu watano kufungua rekodi tano za mwandishi mmoja. Wakutubi wa vyuo na wa maktaba za umma za Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka-Nithi na Meru wanaweza kushirikiana katika jedwali moja la majina, kila kaunti ikibeba waandishi waliozaliwa kwake. Mafunzo ya Wikidata yamewahi kutolewa na muungano wa maktaba za Afrika, AfLIA, wenye makao Accra. Jina lisilopatikana popote lifunguliwe Wikidata na kaunti husika, likiwa na chanzo kilichochapishwa. Majina yenye shaka yakae kwenye safu yake, yakisubiri mtu anayeifahamu familia. Faili lote litolewe upya kila muhula, tarehe ikiwa ndani yake, na matoleo ya zamani yabaki yakipatikana kwa wale waliokwisha kuyaunganisha.